Jicho Zima

Mama mmoja alinikuta kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Bariadi, nimekwenda kubadilisha miwani, akaniuliza kama mimi ndiye yule fundi cherehani ambaye jicho lake moja huchelewa kufika. Nikamwambia ndiye, na likifika nitamjulisha. Hakucheka. Alikuwa amempakata binti mdogo, jicho la kulia la mtoto limelalia upande wa pua, na mkono wa yule mama haukutulia, mara unamfunika mtoto kwa khanga, mara unamfunua.

"Inauma?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba jicho lenyewe haliumi. Kinachouma ni kukaa peke yako katikati ya watu wako. Aliitwa ndani kabla sijamaliza, na alipotoka mimi nilikuwa nimeingia. Basi niliyotaka kumwambia nimeyaandika hapa, asome yeye, na asome mzazi mwingine yeyote aliyekaa kwenye benchi kama lile akijiuliza anyamaze au afanye nini.

Mimi naitwa Minza. Nilizaliwa kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Bariadi kwa miguu, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba wenye ng'ombe wachache. Jicho langu la kushoto lilianza kuelekea puani nilipoanza kutambaa. Hakuna aliyeshtuka. Pale kwetu makengeza kwa mtoto wa kike yalihesabiwa urembo. Wageni walinishika kidevu, wakanigeuza uso kwenye mwanga, wakasifu. Guku, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma, alikuwa akitamba kwamba jicho hilo peke yake litaongeza ng'ombe kwenye mahari yangu. Nami nilipoona jicho linapendwa hivyo, wageni wakija nilikuwa nawasogelea karibu zaidi ili walione vizuri.

Halafu ukaja msimu mmoja wa kupura mtama. Kapi liliniingia jicho la kulia. Mama, ambaye sisi tulimwita mayu, alilisafisha kwa maji, akalifunga kwa kitambaa lipumzike. Nikainuka kurudi kwenye mchezo wangu. Nilijikwaa kwenye kinu, nikainuka, nikaenda kumkanyaga kuku aliyekuwa amelalia mayai.

"Mayu," nikalia, "mbona giza limeingia?"

Jua lilikuwa la utosini. Mayu alicheka kwanza, akidhani naigiza. Kisha akaninyooshea kitu mbele ya uso na kuniuliza ni nini. Nikasema sijui. Kilikuwa kiganja chake. Alikaa chini pale pale kwenye makapi, akaniweka mapajani.

Jioni walikaa kikao. Guku hakuona tatizo. "Ana jicho jingine," alisema. "Hilo la urembo halina kazi ya kuona. Mnataka mzungu wa misheni alinyooshe, mumharibie mtoto uso?" Mayu hakuwa na desturi ya kumjibu mkwewe, hata kumtazama usoni hakuwa akimtazama. Siku ile alijibu akiwa ameinamisha kichwa. Alisema kama hakuna wa kunipeleka, atanibeba mgongoni mwenyewe. Baada ya hapo Guku alikaa muda mrefu akimwagiza maji kupitia kwa watu wengine, kama vile Mayu hayupo pale nyumbani.

Ilikuwa enzi ya ruksa, miaka yake ya mwisho, biashara zilipokuwa zimefunguliwa. Madukani sabuni ilikuwa imerudi, mitumba ilikuwa imejaa minadani, na pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ilikuwa ikifuatwa na malori ya matajiri wa kila rangi. Tulidandia lori moja la wanunuzi hao, mimi na baba, juu ya marobota, hadi hospitali ya misheni ambako daktari wa macho alikuwa akija kwa zamu. Mayu alibaki na mdogo wangu. Isitoshe alikuwa na Kisukuma tu. Kiswahili cha nyumba yetu kilikuwa cha baba: darasa la nne, na kingine alikiokota kwenye mizani ya ushirika.

Nakumbuka benchi refu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na wazee. Wote walikuwa wazee, wana mtoto wa jicho, wameshikana mabega wasipotee njia ya chooni. Kila aliyeweza kuona kidogo aliniuliza kama nimemsindikiza baba. Baba alijibu, "Hapana, mgonjwa ndiye huyu," na wao wakaguna. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi watu walipoanza kufungua viporo vyao, na sikuona mtoto mwenzangu hata mmoja. Hapo ndipo nilipopata wazo kwamba duniani kote mwenye ugonjwa huu ni mimi.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili laini na cha haraka. Alinimulika, akanifunika hili, akanifunika lile, akaninyooshea vidole. Akamwambia baba kwamba jicho langu halina kidonda ila limezembea, kwa sababu jingine linalifanyia kazi zote. Likiachwa hivyo hadi nikaribie miaka minane, litakuwa limesahau kuona moja kwa moja, na hapo hata yeye hatakuwa na la kufanya.

"Dawa yake mnayo nyumbani," akasema. "Mfunikeni jicho zima, kutwa, kila siku."

"Jicho zima?" baba akauliza.

"Zima kabisa. Asichungulie hata kidogo."

"Sawa, Daktari. Wabeja," baba akashukuru kwa lugha yake, na daktari akaita mwingine. Plasta zilikuwa zimekwisha, tukaambiwa tutumie kitambaa safi cheusi. Nje lori lilikuwa linapiga honi.

Sasa wewe unayesoma, litazame neno hilo. Zima. Wa pwani akisema jicho zima, kwake ni lile lisilo na ugonjwa. Baba yangu, aliyezoea kusema gunia zima na shamba zima, alisikia jicho lote, pasibaki upenyo. Tena aliuliza. Aliuliza na akajibiwa, na jibu likakaza kamba kwenye mti ule ule. Na kwa kuwa tangu dunia iumbwe kinachofungwa kitambaa ni kile kinachoumwa, aliporudi nyumbani alimwagiza Mayu ashone kifuniko, wakalifunika jicho langu la kushoto. Lile bovu.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwa bidii kama ile. Kila asubuhi baba aliniketisha kwenye kigoda, akafunga kamba kisogoni, kisha akanizunguka akichungulia pembeni mwa kitambaa asije akaona mwanya. Palipokuwa na mwanya alichomeka pamba. Mimi sikuwa na shida yoyote. Nilikuwa naona kama kawaida, nakimbia, nachunga ndama, napalilia. Watoto wengine waliniita komandoo, na mama zao waliwakataza kula na mimi sahani moja wasije wakaambukizwa. Nilianza kula peke yangu, lakini nilikuwa bado naona nyama iko wapi, hivyo nilivumilia.

Tuliambiwa turudi baada ya miezi michache. Mvua zilikuja kubwa, mito ikajaa, barabara zikakatika, na hakuna lori lililopita. Baba hakuwa na wasiwasi. Tiba si alikuwa akiitoa yeye mwenyewe kila asubuhi, bila kukosa? Tulirudi hospitali kiangazi, pamba ilipoanza kuvunwa, na baba alikuwa amevaa suruali yake ya kanisani. Alitembea kama mtu anayekwenda kuonyesha shamba lililopaliliwa vizuri.

Daktari alikuwa yule yule. Alinitazama nilipoingia, akaacha kalamu.

"Kwa nini mmefunika hili?"

"Si wewe ulituagiza, Daktari."

"Nilisema jicho zima."

"Ndiyo. Limefunikwa zima. Hata ukimulika tochi pembeni, mwanga hauingii."

Daktari alinisogelea, akakishika kile kitambaa. Akalirudia lile neno polepole, zima, kama mtu anayetafuna chakula akakuta jiwe. Kisha akasema, "Mzee, nilimaanisha zima. Lisilo bovu. Lifunikwe zima ili bovu lilazimike kufanya kazi."

Nilikuwa namtazama baba kwa jicho langu la kulia, lile zuri ambalo halikuwahi kupumzika hata siku moja. Niliona anavyoelewa. Haikuwa mara moja. Kwanza alinyoosha mkono kama anataka kunifungua kamba, kisha mkono ukaishia hewani.

Walinipima. Jicho la kushoto halikuona hata vidole tena, liliona tu kwamba kuna kitu kinapepea. Daktari alisema muda uliobaki ni kidogo, na kwamba hawezi kuahidi. Akasema pia kosa ni la neno, si la mtu. Baba akamjibu, "Neno nililibeba mimi."

Alikuwapo muuguzi mmoja, mama wa makamo, mtu wa Maswa. Huyu alikiacha Kiswahili pembeni. Alimshika baba kidole cha shahada, akakileta hadi kwenye kope yangu ya kulia, akamwambia kwa Kisukuma: hili hapa unaloligusa, ndilo la kufunika. Halafu akanigeukia mimi na kuniuliza kama nina njaa. Alinipa kiazi kilichochemshwa kutoka kwenye mkoba wake. Tangu ugonjwa huu uanze, watu walikuwa wameniuliza naona nini, vidole vingapi, mwanga uko wapi. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kitu kinachonihusu mimi. Nilikula kile kiazi nikilia.

Njia nzima ya kurudi baba hakusema. Watu waliotusalimia mwadila aliwaitikia kwa mkono.

Kesho yake wakalifunika jicho zima, na mimi nikapotea.

Sina namna nyingine ya kusema. Nyumba yetu ilikuwepo, watu walikuwepo, lakini kila kitu kilikuwa uji. Sura zote zilikuwa madoa. Nilimjua Mayu kwa kikohozi chake na Guku kwa kuburuta viatu. Nilianguka hadi magoti yakaota magamba. Jicho la kushoto lilichoka, likatoa machozi, kichwa kikaniuma, na kila mara lilipoona linazidiwa lilikimbilia puani kama mbuzi anayekimbilia zizini. Nilianza shule mwaka ule. Mwalimu aliniweka mbele kabisa, akawa ananiandikia herufi kubwa kwa chaki, nami nilikuwa naona ubao umepauka tu. Mapumziko nilikaa chini ya ukuta nikisikiliza wenzangu wakicheza. Kuna siku walibadilishana sauti ili nimwite huyu kwa jina la yule, wakacheka sana. Nilicheka pia. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mayu sitaki tena kuishi na watu.

Guku sasa alikuwa na hoja. "Mwaka jana mliziba bovu, mkaambiwa mmekosea," alisema kila mtu asikie. "Sasa mnaziba zuri. Mwakani watawaambia mzibe mdomo wake!" Majirani walikuja kutazama mtoto aliyefungwa jicho linaloona. Mayu mwenyewe alianza kuyumba. Baba akiwa shambani alinifungua kidogo, nimtazame yeye na mdogo wangu, kisha akanifunga tena huku akinisihi nisiseme. Baba aligundua. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakigombana kwa sauti, na tangu hapo kila mmoja akawa anakula upande wake. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengi, na kila mmoja alikuwa peke yake.

Jambo ambalo sijalitaja ni kwamba daktari alikuwa ameagiza pia nifanyishwe kazi ndogo ndogo za karibu, za kuchosha jicho. Muuguzi alitaja kuchambua mchele. Kwetu mchele ulikuwa wa sikukuu. Baba akaamua pamba.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Zamani za ushirika pamba ilichambuliwa kabla ya kupelekwa kwenye mizani: nyeupe fungu lake, na ile iliyochafuka au kugeuka njano, tuliyoiita fifi, fungu lake. Ukichanganya unarudishwa. Wanunuzi wa ruksa walipokuja walinunua yote pamoja, maana kila tajiri alikuwa akikimbia asipitwe na mwenzake, na watu wakaacha kuchambua. Nani ajisumbue? Kijiji kizima kilikuwa kinajaza magunia bila kutazama. Baba yangu peke yake ndiye aliyekaa barazani kila jioni, jua likiwa bado lipo, amemwaga lundo la pamba kati yake na mimi, tunachambua pamba ambayo hakuna aliyetaka ichambuliwe.

Watu waliopita walimtania. "Masanja, ushirika umekufa, hukusikia?" Yeye alisema, "Mwadila," akaendelea. Mimi nilichukua kila kifumba, kijitonge cha pamba, nikakileta hadi kwenye kope. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Nilisema fifi, yeye akasema tazama tena. Hakunisifu wala hakunikaripia, alisema tu tazama tena, na kama bado nimekosea alikiweka kile kifumba mahali pake bila neno. Vidole vyake vilikuwa vizito na vyenye nyufa. Tulikuwa wawili pale barazani lakini sikuwahi kujua anawaza nini, na sikuweza kuona uso wake ili nikisie. Nilikuwa na hasira naye pia, nisikudanganye. Nilikuwa nimesikia watu wakisema ni yeye aliyekosea.

Pamba ya msimu ule iliisha, tukaanza kuchambua kunde, kunde zikaisha, tukachambua mtama. Mvua zikaja zikaondoka. Pamba nyingine ikapasuka shambani. Siku moja barazani nilinyoosha mkono kwenye lundo, nikasema, "Hii fifi," na kifumba kilikuwa bado chini, sijakigusa. Baba hakusema tazama tena. Alikichukua, akakiweka kwenye fungu la fifi, akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akachelewa kurudi.

Kabla sijamaliza kusimulia, nikwambie wewe mwenye mtoto wa makengeza. Ukisifiwa jicho la mwanao, shukuru, kisha lifunike lile jingine kwa kiganja uone kama atakutambua. Usingoje kapi la mtama likufanyie kazi hiyo. Ukielezwa tiba, mwambie anayekueleza aguse kwa kidole, na wewe uguse mbele yake, hata kama Kiswahili chako kimenyooka. Mtoto akianza kuvaa kifuniko usimwambie vumilia tu. Kaa naye chini. Mpe kazi ya mikono na wewe uifanye kazi hiyo hiyo. Jicho langu halikupona lote. Bado linachelewa, kutunga uzi kwenye sindano naomba wateja wanisaidie, na kwenye picha natazama watu wawili kwa mpigo. Lakini linaona. Nikifumba lile jingine, dunia ipo.

Mara ya mwisho kupimwa nikiwa mtoto, nilikuwa nimekaribia ile miaka minane. Tuliondoka nyumbani alfajiri bado hakujapambazuka, tukavaa kwa kupapasa, na baba alijifunika koti kwa sababu ya baridi ya juu ya lori. Benchi lilikuwa limejaa wazee kama siku zote. Baba alikuwa na jasho, lakini hakulivua lile koti hadi tulipoitwa. Alilivulia mlangoni, akasimama pale pale, hakutaka kuingia zaidi.

Daktari alinipimisha kwenye ubao wa herufi. Nyingine nilipata, nyingine nilikosa, naye aliandika bila kusema kitu. Muuguzi wa Maswa ndiye aliyechoka na ule ukimya. Alinifunika jicho zima kwa kiganja chake, akanigeuza nitazame mlangoni, akaniuliza kwa Kisukuma, "Nani yule?"

"Baba."

"Hiyo unaijua bila kutazama. Niambie unachokiona."

Nikatazama. Jicho lilitaka kukimbilia puani, nikalikataza. Doa likakusanyika polepole, likawa na mabega, likawa na mikono iliyoshikana tumboni. Likawa na mistari ya bluu, na kwenye mistari kulikuwa na kitu ambacho hakikukaa sawa.

"Baba amevaa shati nje ndani," nikasema. "Naona mishono. Na kile kitambaa cheupe cha shingoni."

Wote wakamtazama. Baba akainamisha kichwa, akajitazama kifuani, akapitisha kidole kwenye mshono begani. Muuguzi aliangua kicheko, daktari akaweka kalamu chini, na hata wazee wa kwenye benchi, ambao hawakuona chochote, walicheka kwa kusikia wengine wanacheka. Baba hakucheka. Midomo ilikuwa inamcheza, na mimi niliona hilo pia, kwa jicho langu la kushoto.

Muuguzi alimwambia aingie nyuma ya pazia ageuze shati lake. Akakataa. Alitoka nalo vile vile, koti ameliweka begani, akapanda nalo lori, akashuka nalo mnadani palipojaa watu, akapita nalo katikati ya kijiji. Mtu huyu alikuwa hajasema na watu zaidi ya salamu kwa mwaka mzima na ushei. Kila aliyetusimamisha kumwambia amevaa vibaya, baba alimjibu kwa sauti, na mkono wake ulikuwa kichwani kwangu:

"Najua. Binti yangu ameliona."